Kimeng'enya kinacholengwa na sumu ya wadudu

Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati na kabamati hushika kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho huvunja kemikali inayopitisha ujumbe wa neva. Kikizuiwa, ujumbe haukomi. Mdudu hutetemeka, hupooza, kisha hufa.

Taabu ni kwamba binadamu, ng'ombe wa Kajiado na simba anayevuka kutoka Mbuga ya Nairobi hadi Kitengela wanacho pia. Ndiyo maana kabofurani, iliyokusudiwa mashamba, iligeuzwa na baadhi ya wafugaji nchini kuwa sumu ya kupaka mizoga ili kuua simba. Tai nao wakaangamia. Mwaka 2009 kampuni ya FMC ya Marekani iliiondoa Furadan, jina la kibiashara la kemikali hiyo, katika soko la Kenya.

Kupe, ambaye kwa kweli ni wa ukoo wa buibui, hulengwa vivyo hivyo na baadhi ya dawa za josho. Kupe sugu huweza kuwa na kimeng'enya kilichobadilika umbo, sumu isikishike. Kuzidisha dawa hapo humdhuru ng'ombe kuliko kupe, kwani chake hakijabadilika. Akitokwa mate mengi na kutetemeka baada ya kuogeshwa, daktari wa mifugo aitwe upesi. Tiba ni atropini.