Nilipokabidhiwa Muziki wa Kutisha

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uzamivu nchini Marekani, majirani zangu katika jengo la wanafunzi waliamua kufanya sherehe ya Halloween, ile ya usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watu wazima hujivika sura za mizimu na maiti. Kazi ziligawanywa. Mmoja alipewa maboga, mwingine vinywaji, nami nikakabidhiwa muziki. Sababu iliyotolewa hadharani, tena kwa nia njema kabisa, ni kwamba mimi natoka Afrika, hivyo ngoma na mizimu haviwezi kunishinda. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika chumbani kicheko kile kikanikwama kooni, nikafanya kile ambacho mtu wa historia hukifanya akikereka: nikaanza kuuliza mambo haya yalianzia wapi.

Sikukuu yenyewe haina uhusiano wowote na bara letu. Asili yake ni Samhain, sherehe ya kale ya Waselti iliyofunga msimu wa mavuno na kufungua miezi ya giza, na waliovuka nayo Atlantiki katika karne ya 19 ni wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti. Muziki wa kutisha wa Ulaya nao ulikuwa wa kwao wenyewe. Mwaka 1874 Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga Danse macabre, akaitumia zailofoni kuigiza mifupa ya maiti wanaocheza usiku makaburini. Mzungu katika muziki huo alimwogopa marehemu wa ukoo wake na hukumu ya Mungu wake. Hilo ni jambo la haki: kila jamii na iogope wafu wake.

Nilipoifikia orodha ya nyimbo za Kimarekani zinazopigwa kila Oktoba, nilikuta hofu imebadilika sura.

Wimbo ulionisimamisha ni I Put a Spell on You, yaani nimekuloga, uliorekodiwa mwaka 1956 na Screamin' Jay Hawkins. Mtu huyu alizaliwa Cleveland, jimboni Ohio, mwaka 1929, na matamanio yake ya ujanani yalikuwa kuimba opera. Alimhusudu Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati mweusi ambaye serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Wimbo wenyewe ulikusudiwa kuwa wa mapenzi, wa taratibu. Inasimuliwa kwamba siku ya kurekodi mtayarishaji aliwalewesha wanamuziki, na kilichotoka ni miguno na mayowe. Vituo kadhaa vya redio vilikataa kuupiga. Kisha Alan Freed, mtangazaji na mwandaaji wa maonyesho, akamtaka Hawkins aingie jukwaani akitokea ndani ya jeneza. Kwa maelezo ya Hawkins mwenyewe, alikataa mpaka alipowekewa mezani dola 300. Baada ya jeneza likaja vazi la ngozi ya chui, fuvu juu ya fimbo, na mfupa puani.

Tazameni tarehe. Katika mwaka huohuo wa 1956, watu weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakienda kazini kwa miguu, wakisusia mabasi yaliyowabagua. Huku wanatembea ili waonekane kuwa raia, kule mwenzao analipwa ili aonekane mla watu kutoka Afrika. Si ajabu kwamba watetezi wa haki za weusi walimlaumu. Mimi simlaumu sana. Sauti yake ni ya ajabu, na mlango wa opera haukuwa wazi kwake. Aliingia kwa mlango uliokuwa wazi, nao ulikuwa mfuniko wa jeneza.

Wimbo wa pili katika orodha hiyo ulinigusa kama Mswahili. Unaitwa Witch Doctor, ulitolewa mwaka 1958 na Ross Bagdasarian kwa jina la David Seville, ukashika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Kijana mwenye mapenzi anamwendea mganga kuomba ushauri, na mganga anamjibu kwa silabi zisizo na maana, kwa sauti nyembamba iliyopatikana kwa kuiharakisha tepu. Ni wimbo wa kuchekesha, na watoto wanaupenda. Lakini Kiingereza kimemfunga mganga na mchawi katika jina moja, ilhali lugha yetu imewatenganisha tangu zamani: mmoja hudhuru, mwingine huponya. Tanzania hata leo humwita daktari mkuu wa mkoa Mganga Mkuu wa Mkoa, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wamekwisha kuandika cheo hicho katika barua nyingi bila kuona fuvu wala mfupa.

Kuna pia zombi. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, na katika miaka ya mwanzo wanajeshi wake waliwalazimisha wakulima kujenga barabara bila hiari yao. Mwaka 1929 mwandishi William Seabrook alichapisha kitabu chake kuhusu Haiti, The Magic Island, chenye kisa cha wafu wanaofanyishwa kazi katika mashamba ya miwa. Mwaka 1932 ikaja filamu ya White Zombie, na humo wafu wanasukuma mashine ya kiwanda cha sukari. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa: huyo ni msukule, maiti anayelimishwa shamba la mtu usiku, asiyelipwa wala kupumzika. Kwa watu waliotoka utumwani, hicho ndicho kitisho chenyewe, kwamba hata kifo kisikutoe shambani. Hollywood ilichukua maiti, ikaliacha shamba. Kufikia Desemba 1983, video ya Thriller ya Michael Jackson ilipotoka, wafu walikuwa wamebaki na kazi moja tu, kucheza, nao walicheza vizuri kuliko walio hai.

Usiku wa sherehe nilianza na Saint-Saëns, nikasema kwa mzaha kwamba wenye mizimu yao watangulie. Wachache walicheka. Witch Doctor niliuondoa. Wimbo wa Hawkins niliupiga mara mbili, kwanza kama alivyouimba Nina Simone mwaka 1965, pasipo mguno wala fuvu, kisha kama alivyouimba mwenyewe. Nilitaka kueleza kwa nini, ila ukumbi ulikuwa na kelele. Jirani mmoja, aliyevaa matambara na kujipaka rangi ya maiti, ndiye peke yake aliyenifuata pembeni akauliza ule wa kwanza ulikuwa wimbo gani. Tulizungumza karibu nusu saa. Hakuwa amewahi kusikia kwamba nchi yake iliikalia Haiti miaka 19.

Kisha mtu akapaza sauti akitaka Thriller. Niliupiga, nikaingia uwanjani pamoja nao.