Kijiti Kinachotanua Machela: Nani Aliamua Upana wa Kitanda?

Neno machela huwaletea wengi wetu picha ya hospitali. Machela ninayoanza nayo hapa ni ya kulalia: kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, ambacho chama chetu cha kupanda milima chuoni hukitumia kambini. Aina tuliyo nayo ina vijiti viwili, kimoja kichwani na kingine miguuni, vinavyozuia kitambaa kisijikunje na kumbana anayelala. Nitaviita vitanuzi. Mwaka jana kitanuzi cha kichwani kilivunjika, nami nikapewa kazi ya kutengeneza kingine kwa mwanzi. Katika insha hii nitajadili kwamba urefu wa kijiti hicho si jambo la ufundi peke yake. Ni ushahidi wa kihistoria: unaonyesha nani alipewa nafasi kiasi gani, na nani aliyeamua.

Machela ya kulalia ilitoka Karibi. Wataíno waliitumia kabla Columbus hajafika kwao Oktoba 1492, na neno lao ndilo lililoingia katika Kihispania, kisha Kifaransa na Kiingereza. Wavu mpana hauhitaji kijiti. Ukilala mshazari, unajitandaza wenyewe chini yako. Mambo yalibadilika melini. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza liliidhinisha vitanda vya kuning'iniza, na baadaye machela ya turubai ikawa kitanda cha kila baharia. Hapo hapakuwa na nafasi ya kulala mshazari, hivyo baharia aliweza kuweka upande wa kichwani kijiti kilichochongwa pengo kila ncha, ili kamba zisimbane.

Je, kijiti hicho kingeweza kuwa kirefu kiasi gani? Katika karne ya 18 kipimo cha kawaida kilikuwa inchi 14 kwa kila mtu, yaani sentimita 36 hivi. Ni kweli kwamba baadhi walikuwa zamu juu sitahani, na nafasi zao zikawapa wenzao pumzi kidogo. Hata hivyo, kijiti kirefu kingemgonga jirani. Maofisa wakuu, kwa upande wao, walining'iniziwa vitanda vyenye fremu ya mbao ndani ya vyumba vyao. Bahari ilikuwa moja na meli moja, lakini upana wa kitanda ulifuata cheo.

Ushahidi wa pili uko karibu nasi zaidi, na una neno la Kiswahili ndani yake. Mwezi Aprili 1873, karibu na ziwa Bangweulu katika Zambia ya leo, David Livingstone alishindwa kutembea. Susi, Chuma na wenzao wakamtengenezea kitanda. Shajara zake za mwisho, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa 1874, zinakiita kwa jina hilohilo na kutoa vipimo: miti miwili ya ubavuni yenye urefu wa futi 7, na pao za kukingama za futi 3, zikafungwa pamoja, zikatandikwa nyasi na blanketi, kisha vyote vikaning'inizwa kwenye mti mmoja uliobebwa na watu wawili. Hapa waliokata pao ndio waliobeba. Walijua mgonjwa hawezi kubanwa mabega, na walijua pia njia watakayopita.

Haikuwa hivyo kila mara. Katika Kongo ya ukoloni maofisa walibebwa kwa tipoye, na mbebaji hakuulizwa chombo kiwe kipana au kizito kiasi gani.

Mwanzi wangu ulinifundisha jambo hilo kwa vitendo. Uzito wa anayelala huvuta kamba za pembeni kwenda ndani, kwa hiyo kitanuzi hubanwa kutoka ncha zote mbili. Nilianza na sentimita 110 nikitaka raha. Kijiti kikapinda kama upinde, machela ikawa rahisi kupinduka, nami nikaanguka chini. Cha pili kilipasuka pale nilipochonga pengo, kwa sababu mwanzi hupasuka kufuata urefu wake. Cha tatu nilikikata ili fundo la mwanzi liwe karibu na kila ncha, nikazifunga ncha kwa uzi, nikapunguza urefu hadi sentimita 90. Hicho kimedumu. Baadaye niligundua kwamba futi 3 za akina Susi na Chuma ni sentimita 91.

Nilimwonyesha bibi yangu kijiti hicho nilipokwenda nyumbani Kigezi. Kwetu wagonjwa hubebwa kwa engozi, kitanda cha kufumwa kinachobebwa mabegani. Ndugu zetu wa Rwanda wanayo ingobyi. Mama yangu mdogo alipopata uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, engozi ndiyo iliyomfikisha barabarani. Bibi alikipima kijiti kwa mkono, akasema, "Mjukuu wangu, ikiwa nyembamba inamwumiza mgonjwa. Ikiwa pana, wanaobeba wanakanyaga nje ya njia, na mnaanguka wote."

Kwa kuhitimisha, upana wa kitanda cha kuning'inia umeamuliwa kwa njia tofauti. Melini uliamuliwa na wenye amri, kwenye tipoye na aliyebebwa, na kwa Livingstone na waliombeba. Katika vyama vya engozi vya vijijini kwetu, anayebeba leo anaweza kubebwa kesho, kwa hiyo anayepima anawafikiria wote wawili. Wanahistoria wa usafiri wametueleza mengi kuhusu nani alisafiri kwenda wapi. Napendekeza tupime pia vijiti.