Pineu iliyoliwa kwa ndani



Juma la matanga ya mama mkubwa kule Mwadingusha nilikuwa na dola 100 mfukoni, na motokari ambayo pineu zake mbili za mbele zilikuwa zimeisha. Mama yangu lazima afike kabla ya maziko. Kutoka hapa Likasi ni zaidi ya kilomita 60, na wanaoijua ile njia wanajua ninasema nini.

Kwado wa kwetu alipiga magoti, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu. "Papa, angalia. Huku inje iko muzuri. Huku mu ndani waya inaanza kuonekana. Hii haina kosa ya pineu, njo paralelismu."

Nilikasirika, juu ya nini? Miezi mitatu mbele ya pale, karakana moja ilikuwa imeniambia gari inavuta upande mmoja kwa sababu pineu ni nzee. Nikanunua mbili. Hakuna aliyegusa usukani. Sasa zile mbili njo hizi.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nikikasirika narudi kwenye tarehe. Shida ya magurudumu ya mbele ni nzee kuliko motokari yenyewe. Mwaka 1817 fundi mmoja wa mikokoteni ya farasi kule Munich, Georg Lankensperger, alitambua kwamba gari ikipinda kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo halifai kupinda sawasawa na mwenzake. Wakala wake Rudolph Ackermann aliandikisha hati ya ugunduzi London mwaka 1818, na mpaka leo jina linalotajwa ni la Ackermann. (Mnaona, hata Ulaya aliyefanya kazi na aliyeandikwa si mtu mmoja!) Pembe zile zikiharibika, gurudumu halibingiriki tena, linakokotwa. Likikokotwa, mpira unasagika kama mhogo kwenye kinu. Magurudumu yakifunguka mbele kama miguu ya bata, mara nyingi ni ukingo wa ndani unaoliwa; yakifungana sana, ni wa nje. Upepo ukiwa kidogo, kingo zote mbili zinaliwa. Ukizidi, inaliwa katikati. Pineu inaandika yenyewe kosa la mwenye gari, mtu anahitaji tu kuisoma.

Lakini mpira wenyewe unatuhusu sisi zaidi kuliko ile pembe. Mwaka 1885 Leopold wa Pili alitangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipata hati ya mpira wa upepo, alioutengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mtoto wake. Sidhani Dunlop aliwaza Kongo hata mara moja. Lakini baiskeli, halafu motokari, zikataka mpira, na mpira wa Kongo wakati ule ulitoka kwenye mitambaa ya porini. Wanawake walifungwa mateka mpaka waume wao walete kilo zilizotakiwa, mikono ikakatwa. Kelele zilipozidi, Ubelgiji ikaichukua nchi mwaka 1908.

Sisi wa Katanga tunapenda kusema hayo yalikuwa mambo ya Ikweta na Kasai, sisi yetu ni shaba. Si kweli yote. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, Washirika wakakosa mpira, na serikali ya kikoloni ikaongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa porini kutafuta mitambaa ile ile, ili malori na ndege za vita zipate pineu.

Mwadingusha wakati ule ilikuwa tayari inawasha viwanda vya Union Minière. Mitambo ya maporomoko ya Lufira ilianza kutoa umeme mwaka 1930, ikaitwa Francqui, kwa jina la Émile Francqui. Bwana huyu alikuwa amepita Katanga mwaka 1892 katika msafara, kwa miguu. Hakuwa na haja ya kwado. Ziwa Tshangalele, ambalo sasa tunakula samaki wake, lilitokana na ukuta ule. Mashine sita zilikarabatiwa, na mwaka 2021 zikarudi kutoa megawati 78 zote, kwa haja ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Umeme wa Mwadingusha unasafiri mbali bila kutikisika. Sisi tunaoenda kuzika watu wetu kule tunapita kwenye mashimo.

Basi, dola 100. Pineu mbili za okazyo zilikuwa dola 80, na moyo wangu ulikuwa huko, kwa sababu pineu inaonekana na paralelismu haionekani. Kwado akatikisa gurudumu kwa mikono miwili, likacheza, kok-kok. "Unasikia? Rotuli imekufa. Hata paralelismu siwezi kukufanyia mbele ya kubadirisha hii, nitakuibia tu makuta." Nilimwamini kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Mtu aliyekataa dola 20 zangu!

Rotuli mbili zikala 45. Halafu akavuta kamba kutoka pineu ya nyuma mpaka ya mbele, kila upande, akapima, akalegeza, akakaza, akapima tena. Hana mashine ya mwanga kama za Lubumbashi. Dola 20. Zikabaki 35.

Ya waya tukaitupa. Ile nyingine, iliyoliwa kidogo, ikawa ya akiba, na ya akiba ikaja mbele. Ilibaki kutafuta moja tu ya kipimo kile kile. Muuzaji akaleta moja inayong'aa, imepakwa mafuta. Nikatafuta tarakimu nne ubavuni: 0911. Juma la 9, mwaka 2011. Nikaikunja kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka. Nikakataa. Ya tatu ndiyo niliyochukua, dola 33, meno yake bado marefu.

Tulifika Mwadingusha saa kumi, mama amelala njia nzima, usukani umenyooka. Watu walikuwa tayari uani, wanaimba. Mama akashuka, akaanza kulia akiwa bado mlangoni mwa gari. Nilimwacha ashikwe na dada zake, nikapiga magoti kwenye vumbi nikapitisha kidole nyuma ya gurudumu. Binamu yangu akanishangaa: "Yaya, umeangusha nini pale chini?"