Nadharia Iliyoshindwa: Ulimwengu Usio na Mwanzo, 1948–1965

Katika masomo ya historia ya sayansi, nadharia iliyoshindwa hutajwa kwa sentensi moja kisha huachwa. Katika insha hii nataka kuitetea mojawapo. Sidai kwamba ilikuwa sahihi. Nadai kwamba wakati wake ilistahili kuzingatiwa.

Mwaka 1948, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, wote wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho. Walikubali kwamba galaksi zinaachana, kama Edwin Hubble alivyoonyesha mwaka 1929. Hata hivyo, walisema, maada mpya huzaliwa polepole katika nafasi inayoachwa, galaksi nyingine zikaundwa, na sura ya ulimwengu ikabaki ileile daima. Upande wa pili ulikuwepo Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1931 alipendekeza kwamba vyote vilitokana na atomu moja ya asili. Jina tunalolitumia leo kwa nadharia za namna hiyo, Mlipuko Mkuu, lilitoka kinywani mwa Hoyle mwenyewe, mpinzani wake, alipozungumza katika redio ya BBC mwaka 1949.

Kwa nini watu wenye akili waliukataa mwanzo? Sababu moja ilikuwa hesabu. Vipimo vya Hubble viliupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 2 hivi, ilhali wanajiolojia walikuwa wameona kwamba Dunia ina umri mkubwa zaidi. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri! Ulimwengu usio na mwanzo uliondoa mgongano huo. Ni mwaka 1952 tu ambapo Walter Baade alionyesha kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa kwa ufinyu, na umri huo ukaongezeka.

Baadaye ushahidi uligeuka. Martin Ryle, naye wa Cambridge, alihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani, akaona kwamba zamani ulimwengu haukufanana na wa sasa. Mwaka 1965, Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani walitangaza mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga, wenye joto la kelvini 3 hivi. Wengi waliusoma kama masalio ya mwanzo wenye joto kali.

Hata hivyo, kushindwa huko kuliacha faida. Kwa kuwa Hoyle hakuukubali mwanzo huo wa joto, alilazimika kutafuta mahali pengine ambapo elementi zingeweza kupikwa. Mwaka 1957, yeye na wenzake watatu walieleza jinsi elementi nzito zinavyoundwa ndani ya nyota, na maelezo hayo bado ni msingi wa elimu ya nyota.

Kwa hiyo naona kwamba mwanahistoria anayempima Hoyle kwa ushahidi wa 1965 anamhukumu mtu wa 1948 kwa sheria ambayo haikuwa imetungwa. Tumpime kwa kile kilichokuwa mezani pake.