TAA YA PIKIPIKI INAZINGUA? USIKIMBILIE KUNUNUA GLOBU

Wadau, anayeijua Ipogolo usiku atanielewa haraka. Malori ya Tunduma na yanayorudi Dar yanapishana pale chini kwenye barabara ya TANZAM, na wewe na abiria wako mnatakiwa mkate kona mpande mlima kwenda Iringa mjini. Taa ikizima pale katikati, dereva wa semi hakuoni, na we humuoni anayevuka kwa miguu.

Braza wangu anaendesha pikipiki ya mkataba, ile ya Kichina yenye injini ya aina ya CG. Ndani ya mwezi mmoja alinunua globu nne. Fundi mmoja (simtaji) alikuwa anabadilisha globu, anachukua chake, siku tatu mbele imeungua tena. Ya nne ilikata kwenye kona hiyo hiyo, akaingia mtaroni na abiria. Walipona, abiria akachunika goti tu, lakini hela ya siku ikaishia kwenye dawa na tajiri anataka hesabu yake kama kawaida. Tulipofungua tukakuta globu hazikuwa na kosa lolote. Waya wa ethi wa rektifaya ulikuwa umelegea kwenye fremu. Skrubu moja!

Kwa hiyo leo nimeandika jinsi ya kuutafuta ugonjwa wenyewe, maana globu mara nyingi ni dalili tu.

KWANZA JUA TAA YAKO INAKULA WAPI

Pikipiki siyo zote sawa. Kuna ambazo taa kubwa inakula moja kwa moja kwenye koili ya magneti, yaani umeme wa AC, na kuna zinazokula kwenye betri. Washa injini, washa taa, halafu kaza na uachie mafuta. Kama mwanga unapanda na kushuka sana kufuata mlio wa injini, inakula kwenye koili. Kama umetulia, ni ya betri. Kuwaka au kutowaka injini ikiwa imezimwa siyo kipimo cha uhakika, kwa sababu zipo zinazotumia betri lakini zimetengenezwa ziwashe taa mpaka injini iungurume.

Usiruke hatua hii. Wengi wanaolalamika kwamba globu ya LED inachezacheza wameifunga kwenye taa ya AC. Globu haina kosa, imepewa umeme usioutaka.

TAA HAIWAKI KABISA

Globu ina nyuzi mbili ndani, ya dimu na ya fulu. Kama dimu haiwaki na fulu inawaka, kosa ni uzi wa dimu, waya wake au swichi ya usukani. Zikifa zote mbili kwa mpigo, usikimbilie duka la spea. Ni nadra nyuzi mbili kukatika pamoja, isipokuwa umeme umezidi. Anza na fyuzi, soketi na ethi.

Tengeneza taa ya kupimia: globu ndogo ya volti 12, ile ya indiketa, na nyaya mbili. Basi, una kifaa. Chomoa soketi ya globu kubwa, utakuta matundu matatu, moja ni ethi. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina za ukoo wa Honda, ethi ni waya wa kijani. Kampuni nyingine zina rangi zao, na fundi aliyepita kabla yako naye huenda alikuwa na zake, kwa hiyo pima, usiamini macho. Washa injini na swichi ya taa, gusisha ncha moja ya kipimio kwenye waya wa dimu na nyingine kwenye fremu iliyo safi. Ikiwaka, umeme unafika. Sasa hamisha ile ncha ya fremu uiweke kwenye ethi ya soketi. Ikizima au ikififia, umemkamata mwizi: ethi imekatika au ina kutu.

Ethi mbovu ina vituko vyake. Ukiwasha indiketa taa kubwa inapepesa nayo, au taa ya dashibodi inawaka hafifu bila kuitwa. Tiba ni msasa, skrubu iliyokazwa na grisi kidogo juu kuzuia kutu. Ukishindwa kuipata ilipokatikia, vuta waya mpya toka kwenye soketi mpaka hasi ya betri.

Kama umeme haufiki kabisa, angalia shingo ya usukani. Pale nyaya zinakunjwa kila ukikata kona, na waya unakatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Washa taa, geuza usukani kushoto na kulia taratibu. Ikipepesa, ni hapo. Usisokote na kuzungusha solotepu tu. Unga kwa risasi, funika, halafu acha waya uwe na ulegevu. Na kama ugonjwa unaanza ukitoka kuosha kwa mashine ya presha, au asubuhi za mvua na ukungu za Mafinga, fungua konekta zilizo ndani ya kava la taa. Utakuta maji au unga wa kijani.

INAUNGUZA GLOBU

Hapa ndo kwenye kesi ya braza. Azima mita. Pima kwenye betri injini ikiwa na mwendo wa kati: volti 13.5 mpaka 14.8 ni salama, ikipita 15 rektifaya haidhibiti au ethi yake imelegea. Kama taa yako ni ya AC, pima pia kwenye soketi yenyewe, mita ikiwa upande wa AC. Ukiona inafika 16, 17 kadiri unavyokaza mafuta, globu yoyote utakayofunga ni ya kuzika. Kaza ethi ya rektifaya kabla hujanunua nyingine. Na usishike kioo cha globu ya halojeni kwa vidole, mafuta ya mkono yanaifupishia maisha.

MADOIDO

Spotilaiti, chaja ya simu, redio, honi ya lori. Sikatazi, mwanga wa ziada unasaidia. Ila piga hesabu: gawa wati kwa volti upate ampea. Taa mbili za gari za wati 55 ni wati 110, yaani zaidi ya ampea 9, bado taa yako kubwa ya wati 35 inataka karibu ampea 3. Fyuzi ya pikipiki nyingi ni ampea 10 au 15. Itakata, halafu mtu anazungushia karatasi ya sigara, kijiwe kizima kinamsifu. Jamani, zile nyaya zinapita chini ya tenki la petroli!

Chukua LED za wati kumi kumi, zote mbili hazifiki ampea 2. Usiziunge kwenye waya wa taa kubwa. Tumia rilei yenye miguu minne: 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi yake ya ampea 5 iliyokaa karibu na betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 ni ethi, na 86 inatoka kwenye swichi yako, ikipata umeme wa waya unaowaka ukifungua ufunguo, kama ule wa honi. Ukizima ufunguo, zinazima. Ukikaa kijiweni na redio na spoti zikiwaka, usishangae stata ikigoma.

Mwisho mwelekeo. Simamisha pikipiki mita 5 toka ukutani, wewe ukiwa umekaa juu yake, weka dimu. Kichwa cha mwanga kiwe sentimita 5 mpaka 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Spoti nazo zielekeze chini, usimpofue anayeshuka mlima.

Ukiuliza hapo chini taja aina ya pikipiki na rangi za waya. "Taa yangu haiwaki" tupu siwezi kuijibu.