Uzamili wa uhandisi wa programu: Mambo ya kufahamu kabla ya kujisajili

ANAYETAKA shahada ya uzamili katika uhandisi wa programu za tarakilishi anatarajiwa awe ameshaimudu kazi ya kuandika programu tangu shahada ya kwanza. Katika ngazi hii hufunzwa kuchunguza, kwa ushahidi unaoweza kupimwa, sababu za mfumo mmoja kudumu na mwingine kuporomoka. Kwa mkazi wa Nakuru na viunga vyake, tofauti hiyo ni muhimu kuifahamu mapema, kwani karo, nauli na miaka ikishatumika hairudi.

Asili ya taaluma

Jina la taaluma hii lilipata umaarufu Oktoba 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani Magharibi, katika kongamano lililodhaminiwa na Kamati ya Sayansi ya NATO. Kilio chao kilikuwa kwamba programu kubwa zilichelewa, zilizidi bajeti na zilijaa kasoro. Mnamo 1975, Frederick Brooks wa Marekani aliandika kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wahenga wetu walikwisha kunena: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wakenya walionja uchungu wa kasoro za aina hiyo katika Uchaguzi Mkuu wa Machi 4, 2013. Matokeo ya awali yaliyopeperushwa kielektroniki yalionyesha kura zilizoharibika kuwa zaidi ya 300,000. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilieleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo kwa nane. Katika hesabu ya mwisho zilikuwa 108,975. Kosa dogo la hesabu lilitikisa imani ya taifa zima.

Masomo na sifa za kujiunga

Mwanafunzi husoma namna ya kukusanya mahitaji ya watumiaji, usanifu wa mifumo, majaribio, upimaji wa ubora, utunzaji wa programu zilizozeeka, usimamizi wa miradi na mbinu za utafiti. Kwa kawaida masomo huchukua miaka miwili: mmoja wa madarasa, mwingine wa tasnifu.

Vyuo vingi hudai shahada ya kwanza ya daraja la pili, kiwango cha juu, katika sayansi ya tarakilishi au taaluma inayokaribiana nayo. Aliyepata kiwango cha chini mara nyingi huombwa ushahidi wa tajriba ya kazi.

Mahali pa kusomea

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kimekuwa kikitoa uzamili wenye jina hili hasa. Makao yake ni Juja. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160, na Juja iko mbele zaidi, kwenye barabara ya Thika. Anayefanya kazi Nakuru hana budi kuuliza mapema ni siku zipi za juma atahitajika darasani.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichopata hati ya kuidhinishwa mnamo 2008, hufundisha uzamili wa teknolojia ya habari. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, kilichoanza mnamo 1939 kama shule ya kilimo, kina idara ya sayansi ya tarakilishi. Majina ya shahada yakikaribiana, yafaa kulinganisha orodha za masomo badala ya kutegemea jina pekee.

Tasnifu, kikwazo kikuu

Wanaokwama, aghalabu hukwama kwenye tasnifu, na chanzo huwa swali lililochaguliwa vibaya. Kuunda programu ya kusajili maziwa ya chama cha ushirika cha Molo ni kazi ya manufaa, ila yenyewe si utafiti. Kuchunguza ni mbinu ipi ya majaribio inayogundua kasoro nyingi zaidi katika programu inayolazimika kufanya kazi mtandao unapokatika, hapo pana swali. Programu ya maziwa huwa chombo cha kulijibu.

Eneo hili halina uhaba wa maswali. Kuna wafugaji wa Njoro na Olenguruone, mashamba ya maua ya Naivasha, na mitambo ya mvuke ya Olkaria ambako hitilafu ya programu inaweza kuwa na gharama kubwa.

Kabla ya kukusanya data, mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwalinda wanaotoa habari zao binafsi. Mkulima anayeulizwa nambari yake ya simu na mapato yake ana haki ya kujua vitatumiwa vipi.

Kabla ya kulipa karo

Thibitisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, wala si chuo pekee. Uliza jina la mhadhiri atakayeweza kusimamia utafiti wako na idadi ya wanafunzi alio nao tayari. Uliza pia gharama ya kila muhula iwapo tasnifu itapita muda uliowekwa. Wanaotafuta ufadhili waulize Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kuhusu mikopo ya wanafunzi wa uzamili kabla ya muhula kuanza.