Shufaa, si Shifaa

Mwezi uliopita jirani yangu wa Majengo, hapa Pumwani, Nairobi, aliniletea karatasi aliyopewa alipokwenda kumchukulia mamake dawa. Mama ana saratani ya kizazi, na imekwisha kuenea. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, ina doa la chai pembeni, na juu yake, kwa herufi kubwa, imeandikwa: TIBA SHIFAA. Akaniuliza, “Mwalimu, hapa si wameandika shifaa? Basi mama atapona?”

Karatasi ile naijua. Rasimu yake, ya kueleza huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa wa maradhi mazito na kumshika mkono yeye na jamaa zake, niliiandika mimi, kwa kuombwa, bila malipo, na ilipotoka mikononi mwangu ilisema shufaa. Kamati nisiyoitaja iliiona ile u ikadhani ni kosa la chapa, ikatia i. Hawakunipigia simu. Na kwa herufi hiyo moja, mwana wa watu akasimama mlangoni pangu akitaka ahadi ambayo hakuna daktari aliyempa. Nilimwambia sivyo inavyosema. Kisha nikakosa la kuongeza, tukakaa kimya mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Shifaa ni kupona. Kwa Kiarabu neno hilo huishia kwa hamza. Shufaa lina ain, na mzizi wake, shin-fa-ain, asili yake ni kukifanya kimoja kuwa viwili. Sisi Waswahili tulipoyapokea maneno haya tuliidondosha hamza na ain pia, kwa hiyo kinachoyatenga sasa ni irabu moja tu. Mhariri asiyejua hilo na asiiguse.

Mzizi wenyewe tunaishi nao. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa nambari shufwa na nambari witiri. Usiku wa Ramadhani, tarawehe ikiisha, tunaswali rakaa mbili za shufwa kisha moja ya witiri, na Sura ya Alfajiri huapa kwa vyote viwili. Katika sheria ya Kiislamu, shufaa ni haki ya mshirika wa mali kutangulia kulinunua fungu la mwenzake kabla halijaangukia mikononi mwa mtu wa nje, ili mafungu mawili yaungane. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani na ya wazee wengi walioianzisha Pumwani miaka ya 1920, jina lake limetokana na mmoja wa mababu zake aliyeitwa Shafii, na mzizi ni huohuo. Nayo shufaa ya Mtume tunayoitaraji Siku ya Kiyama, ni nini kama si mtu aliyekuwa peke yake mbele ya hukumu kupata wa kusimama naye?

Sasa mwangalie mgonjwa. Saa nane za usiku, nyumba nzima ya vyumba sita imelala, bomba la uani limenyamaza, na yeye yu macho na maumivu yake. Huyo ni witiri. Mwanawe anayemuuguza, aliyeacha kibanda chake cha nguo soko la Gikomba, asiyethubutu kumwambia mtu kwamba amechoka, naye ni witiri. Nesi wa kuzuru majumbani alipofika kwa jirani yangu, kabla hajamfunua mama shuka, alimuuliza binti jana amelala saa ngapi. Akamwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda, wakamgeuza pamoja, mmoja huku na mwingine kule. Wakawa wawili. Sijaona kamusi iliyonifafanulia neno hili vizuri zaidi ya mikono ile minne.

Wapo wanaotaka tuiite “huduma za mwisho wa uhai”. Ni nani atakayeibeba karatasi hiyo hadi uani, majirani wote wakiisoma? Tena huduma hii haingoji siku za mwisho. Huanza hata dawa za kupambana na ugonjwa zikiendelea. Wengine wana “huduma tulizi”. Ni jina zuri kwa mofini, lakini linaishia kwenye maumivu ya mwili, na Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yamo pia rohoni, katika jamaa zake na katika mfuko wake. “Hospisi” libaki kuwa jina la mahali, kama ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta.

Mpinzani wangu hodari zaidi anapendekeza “tiba ya stara”. Anajua kwamba Balfour Mount, daktari wa Montreal, aliona miaka ya 1970 kuwa neno hospisi kwa Kifaransa linawakumbusha watu nyumba za mafukara, akatafuta jingine, palliative, na hilo lina asili ya Kilatini, pallium, yaani joho. Joho husitiri, basi stara. Hoja inapendeza mezani. Lakini huku kwetu maiti akishazikwa tunasema amesitiriwa. Nani atamwendea mama aliye hai, anayeomba uji, amwambie ameletewa tiba ya stara?

Huyohuyo ananikumbusha kwamba Waarabu wenyewe hawasemi shufaa. Wametumia neno linalotokana na latifu, la kulainisha. Ni kweli, na wana haki. Nasi tuna haki ya kulifanyia letu kazi tunayoitaka. Kama tatizo ni Uarabu wake, aanze kuondoa tiba, dawa na maradhi. Na kama ni udini, shufwa lilitoka msikitini likaingia darasa la hesabu zamani, na hakuna mzazi Mkristo aliyelalamika.

Matumizi: tiba shufaa, bila “ya”, kama askari kanzu; kisha mgonjwa wa shufaa, nesi wa shufaa. Tanzania wanalitumia, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ikiwemo. Linajumuisha mofini ya maji kwa saa zake, kuzuru nyumbani, mazungumzo na watoto, na kuwarudia wafiwa baada ya matanga.

Nasikia karatasi mpya zinakwenda kuchapishwa. Rasimu ninayo bado, na safari hii nimeipigia kila u mstari kwa wino mwekundu. Nitaipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, nami nitasubiri pale mpaka nakala ya kwanza itoke.